Saundiba au sabufa kwa televisheni ya sebuleni: uzi kwa wenye bajeti ndogo

Bandarini (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, hakuna televisheni bapa inayoingia katika nyumba ya jamaa zangu hapa Tanga bila swali lile lile kufuata baada ya wiki chache: picha ni safi lakini maneno hayaeleweki, sasa tununue saundiba au tununue sabufa? Nimeona niandike kwa urefu mara moja, ili anayeuliza nimwelekeze hapa, na anayejua zaidi aongeze. Ninamlenga mtu aliyetenga kati ya shilingi laki mbili na laki nne, anayetazama taarifa ya habari, mpira na tamthilia, na ambaye sebule yake ni chumba cha kawaida cha matofali ya saruji chenye vigae sakafuni. Mwenye ukumbi, au anayetaka kupigia muziki wa harusi uani, uzi huu haumhusu.

Msimamo wangu ni huu: kwa televisheni, cha kwanza kutafutwa ni maneno kusikika, cha pili ni namna ya kuunganisha, na besi inakuja nafasi ya tatu. Madukani mpangilio huu umepinduliwa. Muuzaji huchomeka flashi, huweka wimbo wenye ngoma nzito, vioo vya kabati vikatetemeka, na mnunuzi akatoa pesa. Akifika nyumbani anakuta mtangazaji wa mpira bado anazungumza kama mtu aliyejifunika blanketi.

Chanzo cha tatizo ni umbo la televisheni zenyewe. Zile za kizamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa na nafasi ya kuweka spika ya maana, tena ikielekea kwa mtazamaji. Hizi za sasa ni nyembamba, hivyo spika zake ni ndogo na kwa kawaida zimeelekezwa chini au nyuma. Sauti hugonga ukuta au meza kwanza, ndipo irudi kwetu, na katika chumba chenye saruji, vigae na dari la jipsamu hurudi ikiwa imechanganyika na mwangwi wake. Ndiyo maana kuongeza sauti kwa rimoti hakusaidii sana: kinachoongezeka ni maneno pamoja na vurugu yake.

Sikio lenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi hezi 20,000. Mazungumzo hayahitaji upana huo wote. Simu za mezani zilipitisha karibu hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana. Irabu ndizo zenye nguvu nyingi na hukaa chini, lakini konsonanti, ambazo ndizo zinazotutofautishia saa, taa na kaa, hutegemea zaidi sauti za juu, za hezi 2,000 na kuendelea. Sabufa, kwa upande wake, hushughulika na kilicho chini ya hezi 120 au 150 hivi. Kwa hiyo kuongeza besi hakumwongezei mtazamaji neno hata moja, na besi ikizidi huyafunika yale machache aliyokuwa akiyapata. Sisemi kwamba besi haina kazi. Kishindo cha uwanja uliojaa, ngurumo katika filamu na gitaa la besi havikamiliki bila spika ya chini. Ninasema tu kwamba haiwezi kuziba pengo la spika mbovu za juu.

Madukani kwetu anayeomba sabufa hupewa seti nzima: sanduku la mbao lenye wufa (spika kubwa ya besi) na amplifaya, spika ndogo mbili, tatu au zaidi, redio, sehemu ya flashi na memori kadi, Bluetooth na rimoti. Saundiba ni mwamba mmoja mrefu unaokaa chini ya televisheni, ama peke yake, ama ukiambatana na sanduku la besi. Namba zilizoandikwa kwenye boksi husomwa hivi: ya kwanza ni idadi ya chaneli za kawaida, yaani njia za sauti zinazojitegemea, na ile ya baada ya nukta ni idadi ya masanduku ya besi. Basi 2.0 haina sanduku la besi, 2.1 ina kulia, kushoto na besi, na 3.1 ya kweli inaongeza spika ya kati, ambayo katika sauti za filamu ndiyo inayobeba mazungumzo. Nimesema ya kweli kwa sababu sabufa nyingi za bei ndogo zilizoandikwa 3.1 zina spika ndogo tatu, lakini zinapokea sauti ya stirio tu kwa waya mwekundu na mweupe, kisha spika ya tatu inapewa mchanganyiko wa zile mbili. Spika ni tatu, chaneli zinabaki mbili.

Wati nazo zisitutie wazimu. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 pekee, kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halishangai. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Tofauti ya wati 80 na wati 120 katika sebule ya mita nne kwa tatu na nusu si jambo la kumfanya mtu aongeze shilingi elfu sabini. Namba ya kutafutwa ni ile yenye herufi RMS, ambayo ni nguvu inayoweza kuendelea kutolewa. Ile ya PMPO, inayofika maelfu, haina kipimo kinachokubalika na watengenezaji wote, na mimi huipita kama sijaiona.

Sasa kuunganisha, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kabla ya kwenda dukani, geuza televisheni yako uangalie nyuma. Ukiona tundu la HDMI lililoandikwa ARC, umebahatika. Utaratibu huo ulikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, nao huruhusu sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye saundiba kupitia waya mmoja, na rimoti ya televisheni ikaendelea kuongoza sauti. Lazima uchomeke kwenye tundu hilo hilo lenye maandishi, si lolote la HDMI, na katika mipangilio uwashe CEC, inayoruhusu rimoti moja kuongoza vifaa vyote viwili, ambayo Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink na Sony huiita Bravia Sync. Lile la eARC, lililokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ni zuri zaidi, ila kwa bajeti tunayoizungumzia usiongeze pesa kwa ajili yake.

Kama ARC haipo, tafuta tundu dogo la mraba lenye kifuniko linalotoa mwanga mwekundu. Hilo ni la waya wa mwanga, ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983 na bado unafanya kazi yake vizuri. Hubeba sauti ya stirio au ile ya Dolby Digital, mfumo wa kufinya sauti za filamu, ya chaneli 5.1. Upungufu wake ni kwamba haubebi amri za rimoti, kwa hiyo mtabaki na rimoti mbili mezani. Baada ya hapo ndipo uje kwenye waya mwekundu na mweupe, kisha tundu la spika za masikioni. Bluetooth niiweke mwisho kabisa kwa kazi ya televisheni. Kwa kupigia muziki kutoka kwenye simu haina neno.

Karibuni mchangie.

Fundi wa Ngamiani

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa maelezo, lakini umeisema sabufa kwa ukali kuliko inavyostahili. Mimi nipo mezani na vifaa hivi kila siku, na ninavitazama kwa jicho la mtu anayevifungua vikishaharibika.

Sabufa ya sanduku la mbao inatengenezeka. Ndani yake mna transfoma, bodi ya amplifaya yenye vipuri vinavyopatikana, na wufa inayofungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo ikiungua nabadilisha wufa peke yake na mteja anaondoka siku hiyo hiyo. Saundiba nyingi za bei ndogo zimefungwa kwa gundi na bodi yake ni moja, imebeba kila kitu. Ikipigwa na umeme, mara nyingi mwenye mali huambiwa anunue nyingine. Zile zenye sanduku la besi lisilo na waya zina udhaifu wa ziada: sanduku likipoteza mawasiliano na mwamba wake na bodi ikawa imekufa, huwezi kulichomeka kwa waya kama njia ya akiba. Watu husikia kwamba halina waya wakadhani halihitaji hata soketi. Linahitaji, kwa sababu umeme wake ni wake.

Jambo la pili ni hewa yetu. Sisi tulio karibu na bahari, kuanzia Raskazone hadi Mwambani, chumvi na unyevu hula vyuma na hulegeza mbao zilizosagwa na kushindiliwa, ambazo ndizo zinazotengenezewa masanduku mengi. Sanduku likiwekwa moja kwa moja kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, sehemu ya chini huvimba na viungo hufunguka, kisha mtu anasikia mlio wa kukwaruza akadhani wufa imepasuka. Liinue kwa miguu ya mpira au kibao. Pia unapochagua, gusa ukingo unaoizunguka koni ya wufa. Ukingo wa mpira huvumilia joto na unyevu miaka mingi kuliko ukingo wa sponji, ambao huoza na kumeguka vipande hata kama spika haitumiki sana.

Kwa hiyo anayetaka kitu kitakachoishi, na ambaye fundi yuko mtaa wa pili, asiidharau sabufa.

Binti Pangani

Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kwa ajili ya baba yangu, ambaye umri umekwenda. Anaweka sauti juu hadi majirani wanaijua habari yote, na bado analalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Televisheni imetundikwa ukutani juu kabisa, karibu na dari. Rimoti mbili hataziweza, moja yenyewe ni kazi. Ndugu zangu wanataka kumnunulia sabufa kubwa wakiamini kwamba ndiyo yenye sauti.

Bandarini (mleta uzi)

Marahaba, Binti Pangani, na mfikishie mzee salamu zetu. Kwa hali uliyoieleza, sabufa kubwa itamwongezea adha. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti za juu, zile zile za konsonanti nilizozitaja, ilhali za chini hubaki kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo besi ataisikia vizuri sana na maneno yatazidi kumkimbia. Wala mzee hasingizii anaposema maneno yanamung'unywa, kwa kuwa hivyo ndivyo yanavyomfikia.

Mtafutieni saundiba yenye kitufe cha kukuza mazungumzo, ambacho kwenye rimoti huandikwa voice au huwekewa alama ya mtu anayezungumza. Kitufe hicho hunyanyua masafa ya maneno na kushusha mengine. Ikiwa pesa inatosha kupata yenye spika halisi ya kati, bora zaidi. Iunganisheni kwa ARC ili mzee aendelee na rimoti ile ile aliyoizoea. Ukiona pia sehemu iliyoandikwa night, iwashe jioni, kwa kuwa hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, hivyo matangazo ya biashara hayatamshtua na mazungumzo ya chini hayatapotea.

Televisheni iliyo karibu na dari msiifuate na saundiba huko juu. Iwekeni kwenye kabati au rafu inayolingana na kichwa cha mtu aliyekaa, ikimwelekea, bila vitambaa vya kufuma kuning'inia mbele yake. Sauti za juu husafiri kwa kunyooka na kitambaa huzinywa. Kiti chake pia kisogezwe. Kupunguza umbali ni bure na husaidia zaidi kuliko wati.

Fundi, hoja yako ya matengenezo naikubali bila ubishi, na nitaiongeza kwenye ushauri ninaowapa watu. Ila ninabaki na langu kwamba kitu kinachotengenezeka lakini hakitoi maneno hakijatatua shida iliyomfanya mtu aende dukani.

Mwamba wa Duga

Wakuu, nimewasoma. Mimi sitaki hizi nyembamba. Kuna jamaa ana homu thieta iliyotumika, imetoka Japani, ina masanduku makubwa na besi yake ni ya kutisha, na bei yake ni chini ya saundiba mpya. Mnasemaje?

Fundi wa Ngamiani

Mwamba, kabla hujatoa senti, mwambie huyo jamaa aigeuze mashine ikuoneshe mgongo. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wa kwetu ni volti 230 kwa hezi 50. Mashine iliyoandikwa 100V peke yake ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya TANESCO, fyuzi ndiyo itakayokufa kwanza ukiwa na bahati, na ukikosa bahati itaungua transfoma. Iliyoandikwa 100–240V haina shida. Iliyoandikwa 100V inahitaji transfoma ya kushusha, na si kila transfoma ndogo inayouzwa mtaani inaweza kubeba mashine hiyo besi inapopiga. Lazima wati za transfoma zizidi zile zilizoandikwa mgongoni mwa mashine, tena kwa nafasi ya kutosha. Ukishajumlisha bei yake, utaona kama bado ni rahisi.

Angalia pia matundu ya spika zake. Homu thieta nyingi za zamani zina plagi za spika za umbo la pekee, na amplifaya imo ndani ya kichezeo cha DVD. Sehemu ya kusomea diski ikifa si tatizo kubwa, ila hakikisha ina tundu la kupokea sauti kutoka nje, maana baadhi yake hazina njia nyepesi ya kupokea sauti ya televisheni, na hapo umenunua samani. Mwisho, ondoa nyavu za mbele na ukague kingo za wufa. Mashine ya umri huo yenye kingo za sponji huenda imefika kwako ikiwa tayari inameguka.

Chumbageni

Naomba kuuliza kuhusu Bluetooth. Saundiba yangu imeunganishwa hivyo na televisheni, na nikitazama mpira mchezaji anaupiga, kisha mlio unakuja baadaye. Kwenye tamthilia midomo na maneno havikutani kabisa.

Bandarini (mleta uzi)

Ndiyo sababu niliiweka mwisho. Sauti inayotumwa kwa Bluetooth hufinywa kwanza, hurushwa, kisha hufunguliwa upande wa pili, na hatua zote hizo hula muda. Kwa mfumo wa kawaida ucheleweshaji unaweza kufikia sehemu ya tano ya sekunde au zaidi. Kwa muziki hakuna anayejua, lakini jicho la mtazamaji hugundua haraka. Hamia kwenye ARC au waya wa mwanga. Hata kwa waya, tofauti ndogo inaweza kubaki, kwa sababu televisheni yenyewe huchukua muda kusafisha picha, na hapo sauti ndiyo hutangulia. Katika mipangilio ya sauti ya televisheni au ya saundiba pana sehemu ya kuchelewesha sauti kwa elfu za sekunde. Weka sura ya mtangazaji wa habari, rekebisha kidogo kidogo hadi midomo na maneno vikutane, kisha usiguse tena.

Mpangaji wa Makorora

Nami niulize la ujirani. Ninaishi katika nyumba ya vyumba vinavyotazamana ukumbini, tumepanga familia kadhaa. Nimenunua sabufa na kwangu sauti ni ya kawaida tu, lakini mwenzangu wa chumba cha pili anasema kitanda chake kinatetemeka. Yeye ni mtu mzima na sina nia ya kugombana naye. Hivi besi inaongezeka ikipita ukutani?

Bandarini (mleta uzi)

Haiongezeki, ila mazingira ya chumba ndiyo yanayowadanganya nyote wawili. Mawimbi ya sauti ya hezi 50 yana urefu wa karibu mita 7. Chumba chenye urefu wa mita tatu na nusu ni nusu ya wimbi hilo hasa, kwa hiyo sauti ya karibu hezi 50 hujikusanya kwenye kuta zake mbili za mwisho na hufifia katikati. Ukiwa umeketi katikati ya chumba unasikia besi kidogo, unaongeza. Mwenzako ambaye kitanda chake kimegusa ukuta unaogawana nawe anapata ile iliyojikusanya. Fanya jaribio jepesi: weka wimbo wenye besi isiyobadilika, kisha utembee kutoka katikati kwenda ukutani, utaisikia ikivimba.

Dawa yake ni kuliondoa sanduku kwenye kona, kwa sababu kona huikuza besi kutoka pande tatu kwa pamoja, yaani kuta mbili na sakafu. Lisogeze mbali na ukuta mnaogawana, liweke juu ya kitu laini kinachobeba uzito, kama vipande vya mpira mzito, ili mtikisiko usiingie sakafuni moja kwa moja. Halafu punguza kitufe cha besi hadi sauti ya mtangazaji wa kiume isiwe na mvumo wowote. Mwanamume anayesoma habari asisikike kama anazungumza ndani ya pipa. Ukifika hapo umeshapata kiwango, na ninaamini mwenzako naye atalala. Kwa nyumba ya namna hiyo, hata hivyo, ningemshauri mtu asiye na kifaa bado achukue saundiba ya 2.0 na aachane na sanduku la besi kabisa.

Binti Pangani

Ahsante sana, kaka. Sasa taja majina basi, maana tukienda dukani tutaonyeshwa kila kitu.

Bandarini (mleta uzi)

Nitataja machache ninayoyafahamu, na bei mtazikuta zinapanda na kushuka, kwa hiyo linganisheni maduka. Sony HT-S100F ni 2.0 ya wati 120, ina ARC, waya wa mwanga, USB na Bluetooth, na upana wake ni sentimita 90, kwa hiyo inaenea vizuri chini ya televisheni ya inchi 43. Haina sanduku la besi na kwa sebule ndogo sioni kama inapungukiwa, ila kwa mzee nimekwambia, spika ya kati ikipatikana ni bora zaidi. JBL Bar 2.1 Deep Bass ina wati 300 na sanduku la besi la inchi 6.5 lisilo na waya wa sauti. Hii mara nyingi huvuka bajeti yetu, ila iliyotumika kwa uangalifu huonekana. Sony HT-S20R ni 5.1 ya wati 400: mwamba wa mbele una chaneli tatu, ya kati ikiwemo, na spika mbili za nyuma zinaungwa kwa waya kwenye sanduku la besi. Nayo mpya inaweza kuzidi bajeti. Ukiipata kwa bei inayofikika, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa ajili ya maneno, ingawa nyaya za nyuma zitahitaji njia ya kupita, na kwenye nyumba yenye watoto wadogo hilo si jambo dogo.

Upande wa sabufa, Aborder, Sea Piano na Sundar zimejaa madukani, na ubora wake hutofautiana toleo kwa toleo hata ndani ya jina moja. Kwa hiyo kwa hizo nisingetaja toleo, ningetaja namna ya kuzijaribu. Mwambie muuzaji aondoe flashi yake. Muombe afungue matangazo ya habari kwenye king'amuzi au kwenye redio ya kifaa hicho, sauti iwe ya wastani, ukae mbali kama utakavyokaa nyumbani. Kama huna budi kunyamazisha wengine ili uelewe, ondoka. Kisha weka taarab ya zamani ya vikundi vyetu vya Tanga, Black Star au Lucky Star, yenye gitaa la besi. Waya mnene wa gitaa hilo hulia kwa karibu hezi 41, na sabufa ndogo haziwezi kufika huko kwa nguvu, lakini unachosikiliza ni kama kila noti ya besi inatofautiana na mwenzake. Wufa mbovu hulia noti zote kwa mvumo mmoja. Inayotofautisha noti kwa sauti ndogo ni afadhali kuliko inayotikisa duka. Mwisho ongeza sauti hadi robo tatu bila wimbo wowote na usogeze sikio: mlio wa umeme au mchakacho ukisikika wazi ukiwa umesimama mita mbili, huo utauishi kila siku.

Fundi wa Ngamiani

Kwenye huo mlio wa umeme niongeze. Wakati mwingine kifaa hakina kosa. Televisheni ikiunganishwa na dishi lenye waya wake wa nje, na sabufa ikachomekwa kwenye soketi ya upande mwingine wa chumba, umeme mdogo huzunguka kupitia waya wa sauti na unasikia mvumo wa hezi 50. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Mvumo usipoondoka, tumia waya wa mwanga kama vifaa vyote viwili vina tundu lake, kwa sababu huo hubeba mwanga na hauna shaba ya kupitishia umeme huo. Watu wengine hukata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Tafadhali msifanye hivyo, ni hatari kwa maisha.

Na masika yakifika, radi zikianza, chomoa plagi na pia waya wa dishi. Nimeletewa televisheni na saundiba zilizokufa kwa pamoja kwenye matundu ya HDMI tu, ilhali upande wa umeme uko salama.

Chumbageni

Nimenunua waya wa mwanga leo. Taa nyekundu inawaka ndani ya tundu, lakini saundiba ipo kimya kabisa kwenye king'amuzi. Nikifungua video kutoka kwenye flashi ya televisheni, sauti inatoka.

Bandarini (mleta uzi)

Hapo waya wako ni mzima. Televisheni inatuma sauti ya Dolby kama ilivyopokea, na saundiba yako haina uwezo wa kuifungua. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, ambayo huenda imeandikwa Auto, Bitstream au Dolby Digital, ubadilishe iwe PCM, yaani sauti ya kawaida isiyofinywa. Ikikataa, fanya hivyo hivyo ndani ya mipangilio ya king'amuzi chenyewe, kwa kuwa nacho kina sehemu yake. Kisha zima spika za televisheni, vinginevyo utasikia sauti mbili zinazofuatana.

Chumbageni

Ilikuwa kwenye king'amuzi. Nimeweka PCM na sauti imetoka. Midomo nayo imekutana na maneno bila kurekebisha chochote.